Mpita Njia Mwenye Koti Jekundu

Siku Shigeharu Kuwabara alipopewa zawadi ya kwanza na klabu yake ya picha, mkewe Tazuko alisimama hatua mbili nyuma yake, ameshika koti lake, mwavuli wake na kikasha cha chakula chake. Ukumbi wa manispaa ulijaa wastaafu waliovaa vizibao vyenye mifuko mingi. Picha yenyewe ilitundikwa katikati ya ukuta, kubwa kama mlango wa kabati. Ulikuwa mlima Takami wakati wa baridi, miti yote imevishwa barafu nyeupe, na kule chini pembeni, palikuwa na mtu, mdogo kama punje ya pilipili, mwenye koti jekundu aliyewapa watazamaji mgongo. Kikaratasi cha chini kilisema: Upweke.

Mama mmoja mwenye miwani alisogea karibu hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Bwana Kuwabara, na huyu mtu ni nani?"

"Mpita njia tu," Shigeharu akasema, mikono nyuma. "Nilishatega kamera yangu, mara akatokea. Sikumwona tena."

"Lo! Bahati hiyo."

"Bahati humjia mwenye subira," akajibu, na watu wakacheka kwa heshima.

Tazuko alidhani hakusikia vizuri. Kisha akajua kwamba amesikia, tena vizuri sana. Nani alikuwa na subira pale mlimani? Shigeharu alikuwa juu, nyuma ya mwamba uliozuia upepo. Yeye Tazuko ndiye aliyekuwa chini, theluji magotini, na sauti ya mumewe inamfuata: "Kushoto kidogo! Hapo! Usigeuke! Usikohoe, mabega yanatikisika!" Vidole viwili vya mguu vilivimba wiki nzima hata kiatu kikamkataa. Na lile koti, katika ndoa ya miaka arobaini, lilikuwa vazi pekee ambalo Shigeharu aliwahi kumnunulia. Siku alipoletewa alijitazama kwenye kioo kama msichana wa sikukuu. Ilimchukua muda kufahamu kwa nini lilikuwa jekundu.

Aliinama kwa mama yule mwenye miwani, akaulizwa kama naye hupenda milima, akajibu kwamba humsindikiza bwana mara mojamoja.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani Kawachinagano, Shigeharu aliweka lile ua la karatasi la mshindi kwenye goti, akalinyoosha petali moja moja.

"Umeona, Mama?" akasema. Tangu mtoto wao azaliwe walikuwa wakiitana Mama na Baba, na mtoto alishaoa na kuhamia mbali, majina yakabaki.

"Nimesikia," Tazuko akajibu.

Shigeharu hakumuuliza amesikia nini.

Basi habari hiyo ingeishia hapo, imezwe kama vilivyomezwa vingine. Lakini majira yale yale bega la Shigeharu lilianza kumuuma, na daktari akamwambia lile dude lake la kamera asilitundike tena shingoni. Lilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Shigeharu hakuwa tayari kuacha filamu pana. "Filamu nyembamba ni ya harusi na paka," alipenda kusema. Hivyo alihitaji kamera ndogo inayokula filamu ileile kubwa, ile aina yenye kidirisha chake cha kutazamia pembeni, siyo ya kuchungulia kupitia lenzi. Kamera za namna hiyo zimebaki madukani chache, na zote ni za mtumba.

Ikawa asubuhi kamera, mchana kamera, jioni kamera. Magazeti ya zamani yalitandazwa mezani hata pa kuweka bakuli la supu hapakuwa. Siku moja Tazuko aliingia sebuleni akamkuta mumewe amefunga figili nyeupe, nene kama mkono, kwa kamba, ameitia shingoni, anazunguka nayo chumba kizima.

"Gramu mia tisa kamili," Shigeharu akasema. "Nimeipima kwenye mizani yako. Shingo haiumi kabisa."

"Hiyo ni ya supu."

"Ngoja kwanza, nijaribu na ngazi."

Akapanda ngazi na figili yake. Tazuko alibaki jikoni na kisu mkononi, akisikiliza miguu inapanda na kushuka, na hasira aliyoileta kutoka ukumbini haikuwa imepoa hata chembe. Ilikuwa imejikunja tu, kama paka anayejifanya kalala.

Jumamosi moja ya Aprili wakaenda Osaka, dukani kwa Tokunaga, chini ya matao ya reli. Treni ikipita juu, vioo vya makabati yote hutetemeka na kamera ndani yake hugongana meno. Tokunaga alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyevaa mikono ya kitambaa cheusi juu ya mikono ya shati, kama karani wa zamani. Shigeharu alikuwa mteja wake tangu nywele za wote wawili zilipokuwa nyeusi. Tazuko alikuja kwa sababu Shigeharu alitaka kujaribu kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, na stendi siku zote hubebwa na Tazuko.

"Karibu bwana! Karibu shemeji! Shemeji, kaa pale kwenye kiti, nitakuletea chai. Haya mambo yetu yatakuchosha."

Akatandika kitambaa juu ya meza ya kioo, akatoa kamera tatu, moja moja, kama mtu anayetoa mayai.

Ya kwanza ilikuwa ya kukunja. Ukiifunga ni bapa kama kikasha cha chakula. Ukiifungua, mlango unashuka na lenzi inatoka mbele ya mvukuto wa ngozi nyeusi. Ya pili ilikuwa na lenzi unayoisukuma ndani ya mwili wake kama kobe anavyorudisha kichwa, na ilipiga picha za mraba, kumi na mbili kwa filamu moja. Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, nyepesi, ya plastiki nyingi.

"Hii ya mvukuto nzuri," Tokunaga akasema, "ila mvukuto ni ngozi, na ngozi ni ngozi. Siku moja inatoboka kwenye mkunjo, mwanga unapita, na wewe hujui mpaka umesafisha filamu. Hii ndogo, nisikufiche, utaijutia. Hii ya kobe sasa..." Akaishika kwa mikono miwili. "Moja tu hii. Ya daktari wa meno, aliinunua akaogopa kuitumia. Nyingine kama hii sijui nitaipata lini. Spea hakuna tena, kwa hiyo usiikokote filamu kama unavuta kamba ya ng'ombe."

Shigeharu aliipokea bila kupumua. Akaifungua, akaifunga, akaisukuma lenzi ndani na kuitoa. Aliiweka jichoni.

"Mh," akasema. "Mhh!"

"Ndiyo hivyo," Tokunaga akasema.

Treni ikapita, wote wakanyamaza ipite.

"Shemeji," Tokunaga akaita, "hebu tusaidie. Simama pale mlangoni bwana apime fokasi."

Tazuko aliinuka. Hata hakuamua, miguu yenyewe ilinyanyuka na kwenda, na alipofika mlangoni alikuwa ameshajipanga, mikono ubavuni, kabla hajajiuliza. Jambo hilo lilimchoma kuliko lolote lililosemwa ukumbini, kwamba miguu yake mwenyewe ilikuwa mali ya mtu mwingine.

"Kushoto kidogo, Mama," Shigeharu akasema, jicho kwenye kamera. "Hapo. Sasa geuka uangalie nje, nataka ukingo wa bega. Usitikisike."

Aligeuka. Mbele yake kulikuwa na kioo cha mlango, na ndani ya kioo, juu ya barabara na baiskeli zilizopita, uso wake mwenyewe. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kuruhusiwa.

Tazuko akarudi mezani.

"Bado, Mama. Sijamaliza."

"Bwana Tokunaga," Tazuko akasema, "ulienda kwenye maonyesho?"

"Nilienda, shemeji! Picha ya hatari ile. Nilimwambia bwana..."

"Yule mtu wa kwenye picha ni nani?"

Tokunaga akamtazama Shigeharu, akamtazama Tazuko. "Si... si alikuwa mpita njia? Bwana ndiye aliyetuambia."

"Mpita njia ndiye huyu uliyemwekea chai. Ndiye anayebeba stendi. Wali uliokuwa tumboni mwa mpiga picha siku ile ameupika mpita njia huyu, saa kumi alfajiri. Miaka ishirini anapita kwenye picha za huyu bwana, na bado hajafika anakokwenda!"

"Mama," Shigeharu akasema kwa sauti ya chini, "si hapa."

"Mimi si mama yako. Mama yako tulimzika Sakai, na kaburi lake naliosha mimi. Mimi naitwa Tazuko. Na wewe unaitwa Shigeharu."

Jina lile lilitua mezani kati ya kamera tatu. Tazuko hakukumbuka lini alilitamka mara ya mwisho. Masikio ya mumewe yaliiva, akaiweka kamera chini polepole.

"Ulitaka nisemeje?" akanong'ona. "Picha inaitwa Upweke. Niseme huyu ni mke wangu, mzima wa afya, anangoja kumimina chai? Si picha ingekufa palepale?"

Tokunaga, masikini, alikuwa karibu kutikisa kichwa kukubali, akajizuia.

"Hilo ni suala la sanaa," Shigeharu akaongeza.

"Basi mwambie sanaa akubebee stendi." Tazuko akaiegemeza stendi kwenye meza, ikateleza, ikaanguka chini kwa kishindo, na hakuna aliyeiokota. "Bwana Tokunaga, nipe hiyo ya kobe."

Tokunaga akamtazama tena Shigeharu.

"Usimtazame yeye. Mimi ndiye ninayekuomba."

Akapewa. Ilikuwa baridi, nzito kiasi, na sehemu ya kushikia ilimkaa kiganjani kama imechukuliwa kipimo. Akavua miwani, akaivaa tena, akaweka jicho. Kidirisha kilikuwa na mwanga mwingi kuliko duka lenyewe. Ndani yake walikuwemo Shigeharu wawili, mmoja hafifu kama mvuke, amemkalia mwenzake upande. Tokunaga akamwelekeza azungushe pete ya lenzi. Akazungusha. Wale wawili wakasogeleana, wakaingiana, wakawa mmoja: vinyweleo vya masikioni, kipande cha karatasi alichobandika alipojikata kwa wembe asubuhi, mdomo umeachwa wazi. Miaka mingi hakuwa amemtazama hivi, kwa muda anaoutaka yeye, bila kuulizwa unatazama nini.

"Usitikisike," akamwambia.

Akabonyeza. Mlio ulikuwa mdogo kama mtu anayegusa meno kwa ulimi.

"Naichukua," akasema.

"Unaichukua nini?" Shigeharu akauliza.

"Nainunua."

Shigeharu akacheka, kicheko kifupi kisicho na mahali pa kwenda. "Wewe? Hujui hata tundu la lenzi ni nini. Hiyo ndiyo niliyoifuata mimi. Wiki nne naisoma hiyo!"

"Wiki nne ulivaa figili."

Tokunaga alikohoa ndani ya ngumi yake. Tazuko alimuuliza bei, akatajiwa, akaona ni zaidi kuliko alivyodhani, na hakubadilisha uso. Alikuwa amepika miaka ishirini na sita katika jiko la shule ya msingi, kwa sufuria kubwa kama beseni la kuogea mtoto, na kiinua mgongo chake kilikaa posta bila kuguswa kwa sababu kila mara kulikuwa na jambo lingine la nyumba.

"Naenda posta hapo mkabala," akasema. "Usimuuzie mtu."

Alivuka barabara. Mashine ya posta ilimtaka namba ya siri, akaikosea mara ya kwanza, akaikumbuka ya pili. Noti zilitoka zina joto. Alipokuwa akirudi hasira ilimwambia neno moja tu: atakuwa ameshainunua. Naye alijua. Alimjua mtu wake.

Aliposukuma mlango, Shigeharu alikuwa amesimama mezani, pochi wazi, kadi mkononi. Kiganja kinene cha Tokunaga kilikuwa juu ya kamera.

"Miaka thelathini mimi mteja wako!" Shigeharu alikuwa akisema.

"Ndiyo, bwana."

"Na unaninyima?"

"Nimemwahidi shemeji. Aliyeomba kwanza ni yeye." Tokunaga alikuwa na jasho kwenye paji la uso. "Miaka thelathini unaniletea picha, bwana. Mgongo wa huyu mama naujua kuliko wa mke wangu. Leo ndiyo namwona uso. Niache na aibu yangu."

Tazuko hakusema asante. Alizihesabu noti mezani, Tokunaga akamfundisha kuweka filamu, mara mbili, hadi vidole vyake vikashika njia. Shigeharu alitoka nje akasimama karibu na baiskeli. Hakununua ile ya mvukuto. Safari ya kurudi nyumbani alibeba stendi mwenyewe, na kila treni ilipoyumba iligonga goti la mtu, akawa anaomba radhi kituo hadi kituo.

Wiki mbili zikapita nyumba ikiwa kama kliniki ya meno, watu wamekaa, hakuna anayezungumza. Shigeharu hakumfundisha, naye hakuomba. Usiku wa kwanza alimkuta mumewe ameketi mbele ya kamera iliyo mezani, mikono magotini, hakuigusa. Tazuko akaichukua akaenda kulala nayo kando ya mto. Alisoma kijitabu cha maelezo na miwani mbili. Mara mbili alipanda treni hadi kwa Tokunaga kumuuliza maana ya namba za pete, na Tokunaga akamweleza, safari hii bila kumwita shemeji. Alimwita Bi Tazuko.

Mei ilipofika akatangaza kwamba anakwenda mlima Kongo, ule wa karibu na kwao.

"Na nani?" Shigeharu akauliza.

"Na miguu yangu."

Asubuhi ile alivaa koti la kijivu la mvua. Shigeharu alikuwa ameshavaa viatu, amekaa kizingitini, hana mzigo wowote. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza.

Mlima ule una watu wake wanaoupanda kila siku iendayo kwa Mungu, na hao ndio Tazuko aliowataka. Hakutaka miti, wala ukungu, wala ukingo wa bega. Aliwasimamisha watu njiani, akainama, akawaomba wamtazame. Babu mmoja wa miaka themanini na kitu aliyepanda na kandambili za majani. Dada wawili mapacha waliofunga vitambaa kichwani, mmoja wao akicheka kwa sababu mwenzake alikuwa na punje ya wali kidevuni, na yule mwenzake akimfinya anyamaze. Mtu na mbwa wake aliyembeba mgongoni kwa kuwa mbwa amezeeka. Tazuko alizungusha pete, sura mbili zikawa moja, akabonyeza, akakokota filamu taratibu. Shigeharu alikuwa nyuma, hatua kumi, mikono mifukoni. Kila alipobonyeza alimwona akifumba midomo, kama mtu aliyeuma ulimi.

Alifikiri ni wivu. Ikampa nguvu. Akawapiga wengine.

Karibu na kilele, mlio wa nane ulipokwisha, Shigeharu akapasuka.

"Kifuniko!" alipiga kelele. "Kifuniko cha lenzi, jamani! Hujakitoa!"

Tazuko akaigeuza kamera. Jicho lake lilikuwa jeusi, limefumbwa na kidude cha plastiki. Kidirisha cha pembeni kilikuwa kimemwonyesha kila kitu, mapacha, kandambili, mbwa, na lenzi yenyewe haikuona hata kimoja.

Kisha akauliza, "Umekiona lini?"

Shigeharu akatazama viatu vyake.

"Umekiona lini, Shigeharu?"

"Tangu ya kwanza."

Kilichotoka kifuani mwa Tazuko hata yeye hakukijua. Watu waliokuwa wakishuka wakasimama. Mtoto mmoja alijificha nyuma ya baba yake.

"Tangu ya kwanza! Ukanyamaza! Wale dada wawili nitawatoa wapi tena, we mzee usiye na haya? Yule mbwa atafika mwaka kesho? Mimi nimesimama kwenye barafu yako mpaka kucha zikang'oka, sikuharibu hata picha yako moja. Hata moja! Nilipotaka kukohoa nilimeza kikohozi! Wewe umeshindwa kufungua mdomo useme neno moja, kifuniko?"

"Nimesema..."

"Umesema ya nane! Na hukunionea huruma mimi, umeionea huruma filamu!"

Ilikuwa kweli. Tazuko akaanza kushuka, haraka, bila kuangalia mizizi, na nyuma yake alisikia hatua za mumewe zikiteleza na kujikusanya. Walishuka hivyo mpaka njia ikapanuka kwenye miti ya mierezi. Hapo ndipo Shigeharu aliposema, akiuambia mgongo wake.

"Hamaguchi alinicheka."

Tazuko hakupunguza mwendo.

"Hamaguchi wa klabuni. Mwaka juzi, kwenye karamu ya kufunga mwaka. Alisema, mtoeni mke wa Kuwabara kwenye picha za Kuwabara, kinabaki nini? Mawe. Watu wote wakacheka. Basi ukumbini yule mama aliponiuliza, Hamaguchi alikuwa kando yangu, na sahani yake ya biskuti. Nikaona nikisema ni wewe, atacheka tena."

Tazuko akasimama. Akageuka.

"Hamaguchi alisema uongo?"

Shigeharu alikuwa amejaa matope hadi kiunoni upande mmoja. Alikuwa ameanguka mahali, naye Tazuko hakusikia. Shida yake ilikuwa ya mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

"Hapana," akasema mwisho. "Alisema kweli. Ukitoka wewe, ni mawe."

"Na mimi ulijua hilo ukaniita mpita njia."

"Ndiyo."

Tazuko alitegemea kwamba akiyasikia maneno hayo hasira ingemtoka kama maji ya kuoga. Haikutoka. Ilibaki palepale, ila sasa alijua inakaa chumba gani. Alivuta pumzi, akang'oa kile kifuniko, akakitia mfukoni na kuufunga mfuko kwa zipu. Zilikuwa zimebaki nne.

Kwenye kibanda cha chai cha njiani alimpiga picha mwenye kibanda, mama mwenye mikono mikubwa, akimenya machipukizi ya mianzi. Akawapiga wasichana wawili wa shule waliokuwa wakigombania kijiti cha barafu tamu ya maharage. Akampiga mfagia njia aliyekataa kwanza, kisha akavua kofia. Ikabaki moja. Shigeharu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akainuka. Akajipangusa matope, akalaza nywele zake nne kwa kiganja, akasimama wima, akaitazama lenzi.

Tazuko akamtazama kitambo. Kisha akaigeuza kamera kando, akalipiga sinia la machipukizi yaliyomenywa, na kuisukuma lenzi ndani.

"Twende," akasema. "Nina njaa."

Karibu na kituo kulikuwa na mkahawa wa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, ambao walikuwa wakiupita miaka yote, kwa sababu Shigeharu alisema mkunga ni chakula cha wenye kampuni. Tazuko aliingia bila kuuliza, akaketi, akaagiza ile sahani ya juu kabisa ya orodha, mkunga wa kuchoma juu ya wali, na supu ya maini yake. Shigeharu akaagiza tambi. Chai ilipoletwa, birika likakaa katikati ya meza. Shigeharu alingoja. Alingoja mpaka akafahamu, akanyanyua birika, akammiminia mkewe kwanza, kikombe kikafurika kidogo kwa sababu hakuwa amezoea.

Tazuko alikula polepole. Ngozi ya mkunga ilikuwa imekauka vizuri ukingoni na mafuta yake yaliingia kwenye wali hadi chini. Hakumwonjesha.

"Jumanne nitaenda kwa yule mama mwenye miwani," Shigeharu akasema, macho kwenye tambi zake. "Nimpate kwa katibu wa klabu. Nitamwambia ni nani."

"Na Hamaguchi."

Kijiti kimoja cha kulia kikamtoka mkononi. "Na Hamaguchi," akasema.

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

Tazuko akachota supu, akaipuliza.

Walikaa hivyo. Nje treni iliingia ikatoka. Shigeharu alimaliza tambi, akafuta midomo, akaitazama kamera iliyokuwa kwenye kiti kando ya mkewe, imefungwa ndani ya kitambaa cha jikoni.

"Wiki ijayo," akaanza, sauti ya upole sana, "kama huna safari nayo, ningeweza labda kuiazima. Siku moja tu."

"Hapana," Tazuko akasema, akamwita mhudumu amwongezee kachumbari.